Mdogo wangu, chapuo lako bado liko kwangu

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa, wasome na wasiotuhusu.

Juzi nimemsikiliza yule bibi mwimbaji wa Kolombia uliyekuwa ukituchosha naye jikoni, Petrona Martínez. Safari hii nilitulia nikafuatilia habari zake. Kazaliwa 1939, San Cayetano, mkoa wa Bolívar, upande wa Karibi. Bullerengue yake ni ngoma ya wanawake weusi wa pwani ile: mmoja anaanzisha, wenzake wanaitikia kwa makofi. Ngoma zenyewe mbili, alegre inayocheza itakavyo, na ndogo yake, llamador, yaani mwitaji, inayoshika pigo lile lile mpaka kuche. Kairithi kwa bibi zake. Na miaka yote hiyo alikuwa akichota mchanga mtoni auze, watoto wapate kula. Dunia ilikuja kumjua mtu mzima, ana wajukuu. Tuzo ya muziki ya Latin Grammy ya 2021, kwa albamu yake Ancestras, ilimkuta na miaka 82.

Mtu mzima, ana wajukuu. Unakumbuka nani alikwambia maneno hayo, na kwa sauti gani.

Ulikuwa umekaa mkekani, chapuo, ngoma yako ile ndogo, umelipakata, wasichana wanakuitikia. Nikaja nikalichukua mapajani pako. Hukunishika mkono. Ulijifunga kanga upya, ukanyanyuka, ukaenda kukosha masufuria usiku ule wa manane, na harusi ni ya mwanao.

Kinyongo hakifai, mdogo wangu. Kitue. Lakini na mimi nielewe: baba hayupo, wakwe wamejaa ukumbini, aliyewalipa wapishi ni mimi, aibu ingeandikwa jina langu. Nilimwona mama mkwe ameziba uso kwa ushungi, nikajua anatucheka. Leo wananiambia alikuwa analia, wimbo ule ulikuwa wa kwao. Mimi ningejuaje? Wewe mwenyewe ungeniambia, ukanyamaza. Kunyamaza kwako nako ni ubabe, tusidanganyane.

Wale wanaoitikia nyuma ya Petrona, nasikia mmoja ni bintiye, Joselina. Sikuweza kumaliza wimbo.

Chapuo lipo juu ya kabati, kwenye mfuko wa unga. Masika haya ngozi imelegea, nikiligonga linatoa sauti ya ndoo. Nimelisogeza jikoni lipate moto, sijui kama ndivyo. Jumamosi nipo nyumbani kutwa.