PCB yake ina pointi 9 lakini Hisabati ana F: tumpeleke wapi?

Mhariri, pole na kazi. Naomba nafasi niwaulize walimu wa kidato cha tano na sita, na wazazi ambao watoto wao wamepita njia hii.

Binti yetu amemaliza kidato cha nne na matokeo yametoka. Kabla ya mtihani, shuleni walijaza fomu za machaguo, naye akaweka tahasusi (kundi la masomo matatu) ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, ya kwanza, CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) ya pili na HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili) ya tatu. Sasa alama ziko mkononi, na dirisha la kubadili machaguo kwenye mfumo wa Selform wa TAMISEMI huwa wazi wiki chache tu. Matokeo ni haya: Baiolojia na Kiswahili B, Kemia, Jiografia, Historia, Uraia na Kiingereza C, Fizikia D, Hisabati F. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, hivyo pointi chache ndizo bora. Ukichukua masomo saba bora zinakuja pointi 19, daraja la pili.

Kwa vigezo vya uteuzi hana shida. Masomo ya C kwenda juu anayo zaidi ya matatu yanayotakiwa, pointi zake hazijavuka 25, na tahasusi yenyewe inatakiwa iwe na pointi 3 hadi 10 bila F ndani yake. PCB yake ni 4 na 3 na 2, jumla 9. CBG ni 8, HGK ni 8. Kwa hiyo akiiacha PCB pale juu, mfumo hauna sababu ya kumkataa, maana Hisabati haimo kwenye zile herufi tatu. Lakini darasani itakuwemo kila siku, na hapo ndipo ugomvi wa nyumbani ulipoanzia.

Baba yake anasema mtoto anataka udaktari, sifa anazo, aende PCB. Mwalimu wa taaluma wa shule aliyotoka anashauri CBG. Mama yake mdogo, ambaye ni muuguzi, anasema tusipoteze miaka miwili, aombe moja kwa moja stashahada ya utabibu. Wote watatu wana hoja.

Nianze na PCB. D ya kidato cha nne ni alama 30 hadi 44. Ili kuomba shahada ya udaktari wa tiba, mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unataka prinsipo (ufaulu kamili wa somo la kidato cha sita) tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla isiyopungua pointi 6 (huko pointi nyingi ndizo bora, A ni 5 na D ni 2), na kila somo angalau D. D ya kidato cha sita inaanzia 50, na hicho ni kima cha chini cha kuomba, si cha kupata nafasi. Maana yake somo alilopata chini ya 45 likiwa jepesi, anatakiwa avuke 50 likiwa gumu, tena lina karatasi mbili za nadharia na moja ya vitendo.

Nimepitia madaftari yake ya Fizikia kutafuta hiyo D imetoka wapi. Nadharia anaijua. Ukimuuliza lenzi inafanyaje kazi anakueleza vizuri na mchoro anachora. Kisha linakuja swali: kitu kiko sm 30 mbele ya lenzi mbinuko, taswira halisi imetokea sm 20 upande wa pili, tafuta urefu wa fokasi. Fomula ameiandika sawasawa, moja juu ya f ni sawa na moja juu ya u kujumlisha moja juu ya v. Halafu anajumlisha 30 na 20, anaandika f ni sm 50. Jibu ni sm 12. Ukurasa unaofuata, kwenye mwendo, anashindwa kuitoa t kwenye v = u + at. Hayo si makosa ya Fizikia. Ni visehemu na kubadili kiini cha fomula, mambo ya kidato cha kwanza na cha pili. Ndiyo maana naona D ya Fizikia na F ya Hisabati ni ugonjwa mmoja.

Kidato cha tano mwalimu hasimami kufundisha visehemu. Anaanza na vipimo na makosa ya vipimo, anaingia mwendo wa kitu kilichorushwa, na ndani yake kuna sine na kosine, logi, na baadaye kalkulasi. Juu ya hapo PCB inabeba BAM, somo la ziada la hisabati, na CBG nayo inabeba BAM. Kwa hiyo wanaodhani CBG ni kuikimbia Hisabati wanajidanganya kidogo. Inapunguza mzigo, haiuondoi.

CBG ina heshima yake. Inafungua kilimo, misitu, mazingira, ualimu wa Baiolojia na Kemia, na kozi kadhaa za pale Chuo Kikuu cha Sokoine. Lakini udaktari wa tiba kwa njia hiyo umefungwa, kwa kuwa Fizikia haipo. Sitaki binti aje agundue hilo akiwa kidato cha sita.

Stashahada ya utabibu inataka D nne, zikiwemo za Kemia, Baiolojia na Fizikia. Anazo. Ni miaka mitatu, na akimaliza ana kazi ya kushika. Wengi wanajua pia kwamba ukitoka na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.5 unaweza kuomba udaktari. Kisichosemwa sana ni kwamba TCU inamtaka mwombaji wa njia hiyo awe na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Kwa F aliyonayo, hata akipata GPA ya 4.8 mlango haufunguki. Muuguzi wetu mwenyewe hilo alikuwa halijui.

Basi popote aendapo, naona Hisabati lazima airisiti, yaani arudie mtihani wake, kama mtahiniwa wa kujitegemea, somo hilo peke yake. Fundo lililopo ni la kalenda. Usajili wa NECTA, Baraza la Mitihani, hufanyika mwanzoni mwa mwaka, ukichelewa kuna faini, na unapojisajili unachagua kituo. Uteuzi wa kidato cha tano unatangazwa baadaye, kuelekea Juni, kuripoti ni Julai, na mtihani ni Novemba. Tukimsajili kituo cha hapa nyumbani halafu akapangiwa bweni mkoa wa mbali, atatoka vipi shuleni katikati ya muhula?

Kwa miezi iliyobaki kabla ya Julai, tumekataa tuisheni za maandalizi ya kidato cha tano. Nyingi zinakimbilia mada mpya, na mtoto wa aina hii anarudi nyumbani na daftari zuri asiloweza kulifanyia swali hata moja. Tumempata kijana wa kumfundisha Hisabati tu, saa moja na nusu kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mpangilio huu: visehemu, kubadili kiini cha fomula, vipeo na logi, grafu na mteremko, kisha trigonometria. Kalkulasi hatugusi kwa sasa.

Kwenye Selform tunafikiria tutafute shule zenye PCB na CBG zote mbili. Kubadili tahasusi ndani ya shule moja ni suala la mkuu wa shule na nafasi, lakini kama mkondo haupo inageuka uhamisho, na uhamisho una barua nyingi. Kubadili tutafanya wenyewe nyumbani, nywila abaki nayo yeye, si mhudumu wa stesheneri.

Maswali yangu sasa. Walimu wa Fizikia, mwanafunzi wa D anayejua nadharia na kukwama kwenye hesabu mmewahi kumwona akifika 50 kidato cha sita, na dalili mlizionea wapi, muhula wa kwanza au baadaye? Nataka kujua ni lini tukubali kumshusha CBG kabla hajachelewa. Wakuu wa shule za bweni, mwanafunzi wa kidato cha tano aliyejisajili kurisiti somo moja mnamruhusu kwenda kituoni, na ombi hilo mngetaka liletwe siku ya kuripoti au mapema zaidi? Na waliopitia stashahada kwanza kisha wakaingia udaktari, kati ya kurisiti kabla ya chuo na kurisiti ukiwa chuoni, kipi kilichowezekana?

Mzazi