YAH: DIPOZITI YANGU YA DOLA 850 NA HITA ILIYOGOMA BRYCE CANYON

Habari za kazi,

Email yenu ya Jumatatu nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea na Mama, tukabaki tunaangaliana tu. Eti dipoziti hairudi kwa sababu "mteja aliacha mabomba yagande". Haya, ngoja niwaelezee ilivyokuwa, maana naona hapo ofisini kila mtu ana stori yake na hakuna hata mmoja aliyelala ndani ya ile RV mliyotukodisha, hilo gari-nyumba lenye vitanda na jiko.

Tuliichukua Las Vegas Januari 2024, watu wanne, mimi, wife, kijana wetu wa miaka 9 na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Nilikuja kwenu makusudi kwa sababu mnaongea Kiswahili, nikajua Mama ataelekezwa akaelewa, na kweli kaka aliyetukabidhi gari alituonyesha kila swichi, tanki la maji safi, la maji machafu, la choo, gesi full. Nikamuuliza kabisa, kaka huko tunakoenda ni baridi kali, hita iko poa? Akajibu "bro gesi imejaa, mtalala na singlendi".

Siku mbili za kwanza tulikuwa hifadhi ya Zion kule Utah, kempu ya Watchman, na hapo sina neno. Tulichomeka umeme wa kempu, hita ikawaka usiku kucha, Mama akapika chai ya tangawizi akakaa nje na koti anaangalia ile milima myekundu, akasema hii nchi Mungu aliichonga kwa mkono. Kumbukeni hilo la kuchomeka umeme, nitalirudia.

Kabla sijasahau, lile handaki la Zion lililofunguliwa 1930. Karatasi yenu imeandika gari lina urefu wa futi 10 na nusu kwenda juu, hatuhitaji kibali. Tumefika getini renja kapima, kimo kimepita futi 11 na inchi 4, ambapo kibali ni lazima, ikabidi tulipe dola 15 tusubiri wasimamishe magari ya upande wa pili ndio tupite katikati ya barabara. Dola 15 hizo siwadai. Ninachosema ni kwamba karatasi yenu haijui hata urefu wa gari lenu, sasa mnataka niiamini kwenye mabomba?

Tukaendesha kama masaa mawili hadi hifadhi ya Bryce Canyon, tukafika saa kumi jioni. Pale juu ni zaidi ya mita 2,400 na kempu ya ndani ya hifadhi haina umeme wa kuchomeka, jambo ambalo mlikuwa mnalijua maana ratiba mliipanga nyinyi wenyewe. Saa mbili usiku taa zikaanza kufifia. Hita ukiwasha, feni inazunguka kivivu, inakohoa kidogo, inazima. Narudia, inazima. Paneli ya betri ilikuwa imeshuka mpaka taa ya mwisho, picha nimeambatanisha na saa inaonekana.

Kwenye simu mkaniambia "mmemaliza gesi". Jamani. Mama muda huohuo kasimama na kiberiti kawasha jiko, moto wa bluu unawaka, sufuria ya chai inachemka, gesi gani imeisha hapo? Hita inachoma gesi lakini joto linasukumwa na feni, na feni inakula betri, betri ya ndani, sio ile ya kuwashia injini. Zion ubovu wa betri haukuonekana kwa sababu tulikuwa kwenye umeme wa kempu. Na msije mkasema tuliimaliza sisi, gari limetoka kutembea masaa mawili linachaji, betri nzima haiwezi kufa ndani ya masaa manne kwa taa mbili na feni. Ile betri ilikuwa mfu toka Las Vegas, mmetupa tu tuizike.

Lililoniuma zaidi ni dada aliyepokea simu mara ya pili. Akasema washeni majiko yote muyaache mpaka asubuhi. Dada yangu, wewe si mtu wa nyumbani? Hujawahi kusikia familia imelala na jiko la mkaa ndani na asubuhi majirani wanavunja mlango? Hewa ile ya sumu haina harufu, na ukutani juu ya jiko hilohilo kuna stika inakataza kulitumia kupasha joto chumba. Nikazima, tukabanana wanne kitanda cha nyuma kama dagaa. Kuhama usiku ule haikuwezekana, barabara ilikuwa barafu tupu na mimi gari kubwa vile silizoea. Simu ilikuwa inasoma nyuzi 14 chini ya sifuri. Alfajiri vioo vilikuwa na barafu kwa ndani, pumzi zetu hizo, na kitambaa cha vyombo kimekakamaa kama ng'onda. Mama akasema hata Lushoto mwezi wa saba ni cha mtoto.

Asubuhi jua lilipotoka tulishuka kidogo njia ya Queen's Garden na vile vyuma vya kuvalisha viatu visiteleze, nguzo za mawe rangi ya chungwa zimevaa theluji vichwani, kijana akafurahi, ndio sehemu pekee ya siku ile ambayo hakuna aliyenilalamikia. Upande wa njia inayoitwa Wall Street ulikuwa umefungwa kwa ajili ya winter. Tukashuka mji wa Kanab kwenye joto kidogo, na ndipo maji yakaanza kumwagika kabati la chini ya sinki. Bomba lilipasuka usiku, likaonekana barafu ilipoyeyuka. Fundi wa pale kaipima betri, kaandika kwenye risiti kwamba haishiki chaji. Nayo nimeambatanisha. Akashangaa pia kwamba mlitujazia maji tanki zima Januari bila kutuambia habari ya ile dawa ya pinki ya kuzuia mabomba yasigande.

Kwa hiyo naomba dipoziti yote dola 850, na dola 214 za hoteli ya Kanab usiku mbili, risiti ipo. Nawapa siku 14, baada ya hapo napeleka malalamiko benki kwenye kadi niliyolipia, na skrinshoti za meseji zenu ninazo zote. Na hiyo betri itoeni kabla hamjampa mtu mwingine mwenye watoto.

Alafu kuna kanga ya Mama imebaki, tuliichomeka kwenye upenyo wa dirisha la juu ya dereva kuziba upepo. Anaiulizia kila siku. Iposteni, nauli ya posta nitalipa mimi.