Kwa rafiki yangu anayekwenda Kibaigwa kumtazama kiungo

Dodoma,
Juni

Mbukwa, kwa salamu ya Kigogo, rafiki yangu,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia hapo nyumbani wote wazima. Sisi huku hatujambo, ila upepo umeshaanza na vumbi linaingia hadi kwenye sukari. Unasema kamati ya klabu imekutuma Kibaigwa, huko wilaya ya Kongwa, ukamtazame yule kiungo wa miaka 16 kabla dirisha la usajili halijafunguliwa, na unataka kujua uangalie nini. Nakujibu kwa urefu, maana kijana wa umri huo akikataliwa kwa makosa yetu, mara nyingi harudi tena uwanjani. Anaenda kubeba magunia ya mahindi sokoni na habari yake inaishia hapo.

La kwanza: usiende kutazama mpira, nenda ukamtazame yeye. Katika dakika 90 mchezaji mmoja anakaa na mpira mguuni dakika chache tu. Muda wote uliobaki hana mpira, na humo ndimo namba sita, yaani kiungo mkabaji, anamojulikana. Ukiufuata mpira kwa macho utarudi unasimulia kanzu aliyompiga mtu, mpira ukampita juu ya kichwa, na shuti lililogonga mwamba, lakini hutajua alikuwa wapi wakati beki wa kushoto amebanwa na hana wa kumpa. Kipindi cha kwanza simama pembeni, usawa wa mstari wa kati, uone umbali wake na mabeki. Kipindi cha pili hamia nyuma ya goli, uone kama anajua kukaa kwenye nafasi kati ya wapinzani. Kama hakuna jukwaa, omba kupanda nyuma ya pikapu. Mita moja ya kimo inabadilisha kabisa unachokiona.

Sasa shingo. Hapa naomba ukae sana. Pasi ikitoka kwa beki inachukua sekunde moja au mbili kumfikia kiungo. Ndani ya muda huo kijana anayejua anautazama mpira, anageuza kichwa kutazama nyuma ya bega, anarudi kwenye mpira. Kwa hiyo mpira unapofika, mwili wake umeshafunguka, anaupokea kwa mguu wa mbali, na mguso wa kwanza tu unampeleka mbele. Asiyetazama anaupokea kwa mguu wa karibu, mpira unamfia chini ya unyayo, mgongo ameupa goli la wapinzani, na hana la kufanya ila kuurudisha ulikotoka au kunyang'anywa. Xavi Hernández wa Barcelona hakuwa na kasi wala misuli, lakini shingo yake haikutulia mechi nzima. Chora mistari kwenye daftari: kila anapopokea mpira, je, alitazama kwanza? Mstari upande wa ndiyo, mstari upande wa hapana. Ukifika mistari 30 utakuwa na jambo la kuiambia kamati ambalo mtu wa kelele hawezi kulipinga.

Ila usidhani kila pasi ya nyuma ni woga. Kama alitazama, akaona mbele kumefungwa, akarudisha kwa beki, hiyo ni akili, iandike peke yake. Woga ni kurudisha bila kutazama.

Kingine cha kuhesabu ni sekunde tano baada ya timu yake kupoteza mpira. Wapo wanaoinua mikono kumlaumu mwenzao. Wapo wanaokimbia ovyo kuufuata mpira, na mashabiki wanawapigia makofi kwa kujituma, wakati wameacha katikati wazi. Namba sita wa kweli anaangalia kwanza hatari iko wapi, anakimbilia huko. Watu wanapenda mkata umeme, yule kiungo anayeteleza kwa miguu miwili kuunyang'anya mpira. Mimi nampenda yule ambaye hana haja ya kuteleza kwa sababu alifika mapema.

Kuhusu mguso wa mpira, kumbuka uwanja. Mwezi huu ardhi ya Kongwa imekauka, ngumu kama sakafu, na mpira unadunda kwenye kila kokoto. Usimhukumu kwa mpira ulioruka kifundo cha mguu kwa sababu ya shimo. Tazama mguu ulikuwa wapi kabla mpira haujaruka, na hatua ya pili ilikuwaje. Mwenye mpira anarekebisha kwa hatua fupi moja kabla mpinzani hajafika. Tena muulize daluga ni zake au ameazima, na zinamtosha? Kijana aliyevaa namba 43 wakati mguu wake ni 41 anapiga pasi kwa ncha ya kiatu, na wewe utaandika kuwa hana mguu mzuri. Halafu kuna kosa la upande wa pili: waliolelewa kwenye vumbi wanazoea kuusubiri mpira udunde ndipo wautulize. Kwenye nyasi nzuri mpira unakuja kwa kasi, chini, na wanachelewa. Hili linafundishika, lakini lazima ulijue mapema. Ukiweza, mlete siku moja acheze kwenye nyasi za Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma au uwanja wowote wenye nyasi, uone anavyobadilika kati ya dakika ya kwanza na ya 40. Anayejirekebisha ndani ya mechi moja ni wa kumshika.

Mtazame mechi tatu, siyo moja. Moja timu yake ikiwa imezidiwa, moja ugenini, na moja yoyote. Mechi waliyoshinda saba bila usiihesabu, hata kama amefunga matatu. Humo hakuna aliyemkaba.

Nakuja kwenye mwili, ambako ndiko tunakoharibu zaidi. Umesema kazaliwa Novemba na ni mdogo kuliko wenzake. Mwaka wa mpira unahesabiwa kuanzia Januari 1, kwa hiyo wa Novemba anashindana na waliomzidi miezi kumi, na kwa vijana miezi kumi ni mabega na sauti. Waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka ndio wanaojaa timu za vijana katika nchi nyingi zilizohesabu, nao siyo kwamba wana kipaji zaidi, wamekua mapema tu. Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu wa Tanzania, alizaliwa tarehe 23 Desemba 1992. Kundini mwake alikuwa karibu mdogo kuliko wote, na Januari 2016 alikwenda Genk ya Ubelgiji, kisha Januari 2020 Aston Villa ya Uingereza. Kwa hiyo usiandike "mwembamba" kama kosa kabla hujajua bado ana kukua kiasi gani.

Namna ya kukisia ni hii. Pima urefu wa baba na mama, jumlisha, ongeza sentimita 13, gawa kwa mbili. Baba 174 na mama 162 wanakupa 174.5, na kijana anaweza kuzidi au kupungua hapo kama sentimita nane. Ni makisio, lakini yanashinda jicho. Kisha muulize mama, siyo kocha: suruali ya shule ya mwaka jana inamfika wapi? Kama imepanda juu ya kifundo, bado yuko njiani. Wavulana wengi wanarefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 14, wengine wanachelewa hadi 16, na katika miezi hiyo miguu inakuwa kama ya kuazima: anajikwaa, pasi zinapotea, kasi inashuka. Anayepimwa katika miezi hiyo anaonekana ameisha, na baada ya mwaka anarudi mwingine kabisa. Upande wa pili yupo aliyeota ndevu, amemaliza kurefuka, anawaangusha wenzake kwa kifua. Huyo mpeleke acheze na wa miaka 19. Kama bila ubavu hana kitu, utaona ndani ya robo saa. Na huyu wetu mdogo mchezeshe na wa kimo chake, nne kwa nne, eneo la mita 30 kwa 20, dakika nne nne mara nne, uone anafanya nini pale asipolazimika kukwepa kusukumwa.

Umri wenyewe uhakikishe kwa upole. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, angalia kilitolewa lini. Kama kimetolewa mwezi uliopita siyo lazima kiwe cha uongo, maana familia nyingi vijijini huchelewa kuandikisha, ila tafuta vitu vya zamani vya kulinganisha: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya darasa la kwanza, umri wa mdogo wake anayemfuata. FIFA tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009 inatumia kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, cha kifundo cha mkono: mfupa wa hapo ukiwa umeshaungana kabisa, uwezekano wa kuwa bado chini ya 17 ni mdogo mno. Tukidanganya leo, siku ya kipimo hicho anayeumia ni kijana, siyo sisi.

Na chakula, rafiki yangu. Usiandike "hana pumzi, anakufa dakika ya 70" kabla hujamuuliza amekula nini tangu asubuhi na amefikaje uwanjani. Kama ametembea kilomita nane na tumboni ana chai ya rangi, dakika ya 70 unapima njaa, hupimi mapafu. Hasa mtu akitazamwa kati ya Januari na Machi, ghala zinapokuwa tupu kabla ya mavuno. Siku ya majaribio mpe ugali na maharage, mechi ikiwa imebakiza muda wa saa tatu au nne kuanza, maji ya kutosha, halafu ndipo umhukumu.

Vipimo vya mbio fanya vichache. Mita 30, na uandike pia muda wa mita kumi za kwanza, ambazo kwa kiungo ni muhimu kuliko zilizobaki. Weka watu wawili na saa mbili, uchukue wastani, maana kidole cha mkono kinadanganya kwa sehemu mbili za kumi za sekunde kwa urahisi. Akimbie mara nne, mbili akielekea upepo na mbili akiupa mgongo, apumzike dakika tatu kila mara, yote kabla ya saa tatu asubuhi. Usimlinganishe na takwimu za Ulaya. Mlinganishe na wenzake wa siku hiyo kwenye udongo huo huo. Kwa pumzi, yoyo: mita 20 kwenda, 20 kurudi, mapumziko sekunde kumi, kasi inapanda hadi ashindwe.

Magoti usiyaruke. Mwambie asimame kwa mguu mmoja achuchumae polepole. Goti likiingia ndani, andika. Bonyeza ule mfupa ulio chini ya kofia ya goti: kama unauma na umevimba, ni maumivu ya ukuaji yanayowapata vijana wanaocheza sana kwenye ardhi ngumu. Yanapona, ila ukimwongezea mazoezi sasa utamweka nje miezi. La moyo ni zito zaidi. Muulize yeye na wazazi: amewahi kuzimia akiwa anakimbia? Kuna ndugu aliyefariki ghafla angali kijana? Jibu likiwa ndiyo, asikimbie hata mita moja mpaka apimwe umeme wa moyo na aonwe na daktari wa moyo. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma wanaye. Kwa kweli kipimo hicho ningependa kila tunayemsajili akipate.

Tabia usiiulize kwa maswali ya mtego. Mtazame anapotolewa, anavyokaa benchi, na anavyomtazama mwenzake aliyetoa boko. Ongea na mwalimu wake wa zamu. Ukimya usiuite udhaifu. Vijana wengi wa huku wamefundishwa kutomjibu mtu mzima, na hao hao wakiingia uwanjani wanaipanga timu nzima.

Ukimkubali, karatasi. Yuko chini ya 18, kwa hiyo mzazi asaini, na kanuni za FIFA haziruhusu mkataba wake wa kulipwa uzidi miaka mitatu. Kanuni hizo hizo zinazuia kumhamishia nje ya nchi kabla ya 18 isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kwa hiyo dalali anayemwahidi baba yake Ulaya mwaka huu mwambie waziwazi kuwa anadanganya. Na ile timu yake ya Kibaigwa, kama ni klabu iliyosajiliwa, hakikisheni jina lake limeandikwa huko kwa miaka aliyocheza. Akiuzwa nje kwa dola 100,000, dola 5,000 zinagawiwa klabu zilizomlea: 250 kwa kila mwaka kati ya 12 na 15, na 500 kwa kila mwaka kati ya 16 na 23. Bila maandishi hawapati hata senti, na waliomlea ni wao.

Ripoti iandike usiku uleule. Taja uwanja ulivyokuwa, mpinzani, dakika, kisha alivyo leo, na pembeni yake unavyodhani atakuwa baada ya miaka miwili. Hayo mawili yasichanganyike. Usiandike anafanana na nani.

Mechi ya Jumamosi inaanza saa kumi. Fika saa tisa na nusu umwone anavyopasha, na usimwambie umekuja kwa ajili yake. Daftari likijaa, nipigie picha kurasa za ile mistari ya shingo unitumie. Nazisubiri kwa hamu. Msalimie mama watoto, na zabibu nilizokuahidi nitampa dereva wa basi la Alhamisi.

Ni mimi rafiki yako,
Dodoma