Barua kwa wanetu mnaosimama na vijana wa Kiaborijini mahakamani Sydney

Wanangu mnaofanya kazi ya kuwasindikiza vijana mahakamani,

Salaam. Wengi wenu mmekabidhiwa watoto wa Kiaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wenye nchi yao. Weusi wetu sisi Waafrika hautufanyi ndugu zao, wala rangi isiwaongoze, maana Mwaborijini anaweza kuwa na ngozi nyeupe kabisa. Msimwulize mtoto kama yeye ni nusu Mwaborijini. Serikali iliwapima wazee wake kwa rangi hivyo hivyo ilipowanyang'anya watoto kutoka kwa mama zao. Ulizeni, "Watu wako ni wa wapi?" kisha msikilize.

Hapa katika jimbo letu la New South Wales, polisi wakimweka Mwaborijini kizuizini ni lazima waiarifu Huduma ya Sheria ya Waaborijini. Hakikisheni mtoto amezungumza na wakili kabla ya kuhojiwa. Malezi yetu yatawavuta mseme, "Sema ukweli, mwanangu, yaishe." Msiseme hivyo. Kukiri kunaweza kumpa onyo badala ya kesi, na kunaweza kumtia hatiani; wakili ndiye wa kupima.

Halafu kuna hii "ndiyo" yao. Vijana wengi humjibu hivyo mwenye mamlaka ili maswali yakome, jambo ambalo mwanaisimu Diana Eades ameliandikia kwa miaka mingi. "Ulikuwa dukani, sivyo?" "Ndiyo." Hapo hujajua kitu. Mwambie, "Nieleze jana jioni ilikuwaje," kisha nyamaza, hata sekunde kumi, kwa sababu kimya hicho mara nyingi ni cha kufikiri. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa kunaweza kuwa adabu, na hilo ninyi mmelelewa nalo, basi mwelezeni na wakili. Tena kabla hamjamwita mkaidi, ombeni apimwe masikio: maradhi ya sikio la kati yamewaenea sana watoto wao, na wengine hukua hawasikii vizuri bila mtu kugundua.

Masharti ya dhamana ndiyo yanayowarudisha wengi ndani. Mtoto ameandikiwa kulala nyumba moja, kumbe wiki hii yuko kwa bibi, wiki ijayo kwa shangazi, na ndivyo ukoo unavyomlea. Polisi wanapita usiku, hawamkuti. Ulizeni nyumba zote anamolala, mkampe wakili orodha kabla hakimu hajaandika. Baadaye mtoto awaelezee masharti kwa maneno yake mwenyewe. Ukitokea msiba, wakili aombe masharti yabadilishwe kabla ya safari, kwa kuwa mazishi yanaweza kuwa mbali na kuchukua siku nyingi. Jina la marehemu msilitaje mpaka familia iruhusu.

Akishakiri kosa, au likithibitishwa, mwulizeni wakili kuhusu Mahakama ya Vijana ya Koori (jina ambalo Waaborijini wengi wa jimbo hili hujiita), iliyoanza Parramatta, magharibi mwa Sydney, mwaka 2015. Hakimu hukaa meza moja na wazee wa Kiaborijini, kijana na familia yake; wanapanga msaada, na hukumu inaweza kusogezwa hadi miezi 12. Hukumu yenyewe hubaki kwa hakimu. Mipango hii huvunjika ikijazwa miadi: Jumatatu daktari, Jumanne mshauri, Jumatano shule, na nauli hana. Anzeni na mahali pa kulala na cheti cha kuzaliwa, mengine yafuate. Mkiwa mezani, waiteni wazee wale mjomba na shangazi, kama jamii yao inavyowaita, na msiseme mpaka wawape nafasi.

Mzee wenu