Vidonge vya mzio visitufanye tuache kutafuta chanzo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mzio wa nyumbani, ambao wengi wetu huuita mafua na kuuvumilia miaka nenda miaka rudi, ingawa mafua ya kawaida huisha ndani ya siku kumi hivi.

Mwanangu alikuwa akipiga chafya kila alfajiri, macho yakimwasha na pua ikiziba, bila homa yoyote. Kwa zaidi ya mwaka nilimpa vidonge vya kutuliza mzio, nikiamini kwamba siku asiyopiga chafya ndiyo siku aliyopona. Baadaye nikamshuku paka, tukampeleka kwa jamaa, na wiki tatu zilipopita bila nafuu nikamwondolea lawama. Nilifanya haraka, kwa sababu protini ya mate na ngozi ya paka hunasa kwenye mazulia na viti, na huweza kubaki humo kwa miezi kadhaa baada ya mnyama mwenyewe kuondoka.

Kilichotutoa gizani ni daftari. Daktari alituagiza tuandike kwa wiki nne saa ya kila chafya, chumba alichokuwamo mtoto na kazi iliyokuwa ikifanyika. Ilionekana wazi kwamba hali ilimzidia kitandani na wakati wa kutandika, na kwamba alipolala kwingine alipumua vizuri. Ndipo akafanyiwa kipimo cha ngozi, ambacho majibu yake hutoka baada ya dakika 15 hadi 20 (vidonge husimamishwa siku kadhaa kabla, kwa maelekezo ya daktari), na kikaonyesha utitiri wa vumbi, si paka.

Wadudu hawa, ambao watafiti wa Uholanzi waliwahusisha na mzio wa vumbi katika miaka ya 1960, wana urefu wa takriban robo ya milimita na hawaumi mtu. Hula chembe za ngozi zinazotubanduka na hustawi penye unyevu, na kinachotudhuru hasa ni kinyesi chao, kinachopeperuka tunapojigeuza godoroni. Tulivika godoro na mito vifuniko vilivyofumwa kwa kubana sana, tukawa tunafua matandiko kila wiki kwa maji ya nyuzi joto 60, na tukaondoa zulia chumbani.

Hatua hizo hazitamfaa sana mwenye mzio wa mende, wala yule ambaye ukuta wake unavuja na kuota kuvu, na hiyo ndiyo sababu ninawasihi wahudumu wa afya waulize habari za nyumba kabla ya kuandika dawa. Mtoto anayekohoa usiku au kutoa mluzi kifuani apelekwe hospitali mapema, kwani huenda ni pumu.

Paka wetu amerudi, naye mtoto hulala hadi asubuhi.

Mzazi na msomaji wa gazeti hili