Mitamba ichaguliwe kwa uzazi pia

Mhariri,

Sisi wafugaji wa Tabora tukinunua mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, huuliza lita anazotoa mama yake, wala hatuulizi huzaa kila baada ya muda gani. Mimi nilinaswa hivyo: ng'ombe wangu chotara alijaza ndoo asubuhi na jioni, nami nikajisifu kwa majirani, lakini alipandishwa mara nne ndipo akashika mimba. Hata nyati wa maziwa aina ya Murrah huko India, abebaye mimba takriban siku 310 na ambaye dalili zake za joto, yaani za kutaka dume, aghalabu hufichika, hafai kuchaguliwa kwa maziwa pekee. Wahimilishaji, yaani wataalamu wanaopandisha ng'ombe kwa mrija, wanapotuletea mbegu za dume, watuoneshe pia rekodi za uzazi za watoto wake wa kike.

Mfugaji,
Tabora