Malalamiko kuhusu seti za klachi ya stata kwa pikipiki za zamani

Mafundi wa pikipiki za zamani,
Ngamiani,
Tanga.

Meneja wa Mauzo,
Idara ya Spea za Pikipiki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SETI ZA KLACHI YA STATA ZISIZOLINGANA NA MAELEZO YA PAKITI

Husika na somo tajwa hapo juu.

Tunalalamikia seti za klachi ya stata (kifaa kinachoiunganisha stata na injini wakati wa kuwasha na kuiachia injini ikishawaka) ambazo kampuni yenu inawauzia mafundi wa Tanga kwa ajili ya Honda CB za miaka ya 1970 na injini nyingine za muundo huo. Pakiti imeandikwa "inafaa modeli zote". Ndani mna rola tatu, springi tatu, kofia tatu za springi na bolti tatu. Idadi haina tatizo. Vipimo ndivyo vibaya, na kila tukipiga simu dukani kwenu jibu ni lile lile: ama oili mbaya, ama fundi hajui kufunga. Tunawaandikia kwa kirefu ili mtu wenu wa ufundi aweze kuyahakiki haya mezani kwake kabla hamjatujibu tena hivyo.

Tuanze na rola. Klachi hii inakaa nyuma ya sumaku ya kufua umeme, iliyofungwa kwenye kranki, yaani mhimili mkuu wa injini. Kikombe chake kina njia tatu, kila njia ni pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Stata ikizungusha gea, springi inaisukuma rola kuelekea upande mwembamba, rola inajikaza kama kabari kati ya kikombe na shingo ya gea, na kranki inazunguka. Injini ikishawaka na kuizidi gea mwendo, rola inarudi upande mpana na gea inaachiwa. Kazi yote inategemea pembe ya kabari hiyo, na pembe nayo inabadilika sana kwa tofauti ndogo ya kipenyo.

Fanyeni hesabu. Chukueni shingo ya gea ya kipenyo cha 40 mm, njia iliyonyooka, na rola ya 10.2 mm inayokamata kwa pembe ya digrii 8. Mkiweka rola ya 10.1 mm, pembe inashuka hadi digrii 6 hivi. Ya 10.0 mm inaishusha hadi digrii 3 na nusu. Ya 10.4 mm inaipandisha karibu na digrii 11. Sasa, chuma kwa chuma kwenye oili kina msuguano wa takriban 0.1, na kwa msuguano huo kabari haishiki tena pembe ikizidi digrii 11 na kidogo. Kwa hiyo rola nene inateleza: stata inalia, injini imetulia. Rola nyembamba ina ubaya wake, na kwetu huo ndio mkubwa zaidi. Inazama mno kwenye upande mwembamba, inakwama, injini ikiwaka haiachii. Hapo injini ndiyo inayoizungusha stata, tena kupitia gea zile zile za kupunguza mwendo lakini kinyume, hivyo stata inazunguka kwa kasi ambayo haikutengenezewa mpaka waya za amecha, sehemu inayozunguka ndani ya stata, zinafumuka. Mteja aliyekuja kununua rola tatu anaondoka akitafuta stata nzima.

Rola za kiwandani tulizozitoa zilipima 10.20 mm kwa maikromita, zote tatu. Za pakiti yenu moja zilipima 10.02, 10.11 na 10.19 mm. Rola za pakiti moja zikitofautiana hivyo, kila moja inakamata kwa pembe yake, shingo ya gea inasukumwa upande mmoja, na bushi ya gea inaliwa upande huo. Urefu nao haulingani: za asili ni 11.5 mm, zenu 10.8 mm. Rola fupi inapata nafasi ya kukaa mshazari, na ikikamata ikiwa mshazari inachimba shimo kwenye njia. Shimo hilo likishatokea, hata rola nzuri itateleza, kwa sababu mahali pale pembe imekuwa kubwa.

Kisha pigeni tupa. Rola ya chuma cha beringi iliyopigwa moto ipasavyo ina ugumu wa 58 hadi 62 HRC (kipimo cha ugumu wa chuma), na tupa inateleza juu yake bila kuacha alama. Rola zenu zinalika kwa tupa. Jaribio hili halihitaji maabara, na hatuelewi kwa nini halikufanyika kabla mzigo haujaingia ghalani.

Springi tutazitaja kwa ufupi. Zinatofautiana urefu zikiwa huru. Ndefu mno inajibana mizunguko yote kabla kofia haijarudi ndani, hivyo rola inabaki ikisugua shingo muda wote injini inapowaka. Fupi mno haisukumi rola asubuhi oili ikiwa nzito. Wapo wanaowashauri wateja wazivute kwa mkono ziwe ndefu. Springi iliyovutwa inanywea tena baada ya joto la injini, na mfanyakazi wa duka la spea hapaswi kutoa ushauri wa namna hiyo.

Bolti zinahitaji maneno zaidi, maana zikilegea zinaharibu vingi. Kikombe kinashikwa na bolti tatu tu, na kila stata inapopigwa zinapokea mshtuko. Bolti ya kazi hii inapaswa kuwa na alama ya 12.9 kichwani. Kwenye pakiti zenu tumekuta yenye alama ya 8.8 na zisizo na alama yoyote, zimechanganywa. Bolti ya 8.8 inahimili mvuto wa MPa 800 (megapaskali), ya 12.9 MPa 1,200. Tofauti hiyo si ya kupuuza. Tena, baadhi ya injini za zamani hazitumii bolti za spana ya L, zina skrubu za kichwa bapa kinachozama kwenye tundu lake. Mkiweka bolti ya kichwa cha duara hapo, kichwa kinabaki nje na kugusa gea. Neno "modeli zote" linaanguka hapo hapo, kabla hata ya kupima rola.

Kuhusu ile seti ya bei ya juu mnayoiita "boresho", yenye spragi badala ya rola: spragi ni vipande vidogo vingi vilivyosimamishwa ndani ya fremu na kushikwa na springi ya mviringo. Ni teknolojia nzuri, inasambaza mzigo, na tungependa kuitumia. Lakini spragi inahitaji kikombe chenye ukuta wa ndani wa duara kamili. Haikai kwenye kikombe chenye njia tatu za rola. Inahitaji pia shingo ya gea iliyo laini bila hata mfuo mmoja. Ukipitisha ukucha ukakwama, shingo hiyo haifai. Tena ina upande: ikifungwa kinyume, stata inazunguka bure na injini ikizunguka inang'ang'ania gea. Pakiti yenu haina kikombe kipya, haina gea, haina mshale wa kuonyesha upande. Mnunuzi ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa hayo majibu yenu mawili. La oili lina ukweli kiasi: oili ya magari madogo yenye viungo vya kupunguza msuguano inaweza kuitelezesha klachi, ndiyo maana tangu 1998 kuna kiwango cha Kijapani cha JASO kinachotenganisha oili za MA, zenye msuguano wa kutosha kwa klachi, na za MB, zenye msuguano mdogo. Sisi tunatumia MA. Jambo la kuzingatia ni kwamba rola za zamani zikirudishwa kwenye injini ile ile, oili ile ile, zinashika. Oili haiwezi kuchagua rola ya kuitelezesha.

La ufundi tunalijibu kwa kueleza tunavyofunga. Betri inapimwa kwanza: 12.6 V ikiwa imejaa na imetulia, na isishuke chini ya 9.6 V stata inapopigwa, maana betri dhaifu inafanana sana na klachi mbovu. Sumaku inatolewa kwa pula yake, si kwa nyundo. Nyuzi za bolti na za kikombe zinaoshwa kwa dawa ya kusafishia breki mpaka zikauke kabisa, kwa kuwa gundi ya nyuzi haishiki penye oili. Gundi ni ile ya nguvu kubwa. Bolti zinakazwa kwa spana ya torki kwa kiwango cha kitabu cha injini husika, kisha mwisho wake unapigwa senta panchi ili zisilegee. Koni ya kranki na ya sumaku, yaani pale zinapokutana, zinafungwa kavu, bila oili. Mwisho, kabla ya kurudisha kava, gea inazungushwa kwa mkono: upande mmoja iende huru, upande wa pili ikamate papo hapo. Seti zenu zinashindwa hapo, injini haijawashwa.

Jambo jingine ni kutu. Rola zinakuja kwenye mfuko mwembamba wa nailoni, kavu, bila karatasi ya mafuta. Kwa hewa ya chumvi ya Tanga zinapata vidoadoa zikiwa bado rafuni, na kila kidoa ni shimo litakalochimba shingo ya gea.

Tunaomba yafuatayo ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Mrudishe fedha zote kwa seti zilizoorodheshwa kwenye risiti tulizoambatanisha. Mgharamie stata mbili zilizoungua amecha, ambazo tumezitunza pamoja na rola zilizokwama ndani yake. Mwache kuuza seti ya spragi bila kikombe na gea yake. Na pakiti mpya ziandikwe kipenyo na urefu wa rola, daraja la bolti, na modeli na miaka ya pikipiki inayohusika. Rola za pakiti moja zisitofautiane kwa zaidi ya 0.01 mm, beringi za bei ndogo zinazouzwa mtaani zinafikia kiwango hicho, hivyo hatudai makubwa.

Mnafahamu kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Tusipopata jibu, nakala ya barua hii na sampuli tutazipeleka Tume ya Ushindani (FCC) na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Sampuli za rola ziko wazi kupimwa na mtu wenu hapa Ngamiani, siku yoyote ya kazi, kwa maikromita yenu au yetu.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa pikipiki za zamani,
Ngamiani, Tanga.

Viambatisho: nakala za risiti, jedwali la vipimo vya rola na springi, picha za bolti, pakiti na amecha zilizoungua.